Makhan Singh: Simba Aliyezuiliwa Miaka Kumi na Mmoja

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri aibu yangu. Jina la Makhan Singh sikulisikia darasani mara ya kwanza. Nililisikia nyuma ya ploti yetu hapa Huruma, kwenye kamba za kuanikia nguo. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliniuliza kama tumeshafunzwa habari za mtu huyo. Mimi nikadhani anataja duka. Si unaujua mji wetu wa Eldoret? Jina Singh utaliona juu ya milango ya maduka na karakana. Nikamjibu kwamba sijui anauza nini. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akanyamaza kitambo kirefu. Kicheko sikukijali, lakini kile kimya kiliniuma.

Juma lile shuleni gumzo lilikuwa juu ya migomo. Kwetu sisi wanafunzi, neno mgomo lina maana moja tu: mawe, vioo vya madirisha, bweni linalowaka moto, kisha kila mtu kurudi shuleni ameandamana na mzazi aliyenuna. Hakuna anayeuliza madai yalikuwa nini. Mara nyingi wenyewe hatujui. Mzee alitaka nijue kwamba kumekuwako watu waliopanga mgomo kwa karatasi, wino na daftari la majina, na bado wakaletewa magari ya vita. Nikaanza kupekua vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab. Zamani hizo hiyo ilikuwa India chini ya Waingereza. Siku hizi iko Pakistan. Singh, kwa asiyejua, maana yake ni simba. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala. Mwaka 1920 alivuka bahari kuja Kenya kutafuta kibarua kwenye reli, ile ile ambayo ilifika mjini kwetu mwaka 1924. Familia aliiacha nyuma. Mwaka 1927 mama na mwana walimfuata Nairobi, na Makhan wakati huo alikuwa mvulana wa miaka 13.

Kenya aliyoikuta ilikuwa ngazi. Mzungu juu kabisa, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mishahara ilipangwa kwa ngazi hiyo hiyo hata kama kazi ilikuwa moja. Mwanamume wa Kiafrika alilazimika kubeba kipande, mara nyingi kikining'inia shingoni ndani ya kijikebe cha chuma, na kuacha kazi bila ruhusa ya bwana kulikuwa kosa la jinai. Fundi wa Kihindi alikuwa na nafuu, lakini nafuu hiyo ndiyo iliyotumiwa kumtenga na mwenzake. Alijiona si wa chini, na juu hakufika.

Nyumbani, kijana alikuwa amezungukwa na habari za kazi. Sudh Singh alikuwa miongoni mwa mafundi wa reli walioanzisha chama chao mwaka 1922. Baadaye mzee huyo aliacha reli akafungua matbaa mjini Nairobi. Makhan alikuwa na kichwa chepesi. Mwaka 1931 alifaulu mtihani wa London, lakini fedha za kumpeleka ng'ambo kusoma zaidi hazikuwapo. Basi akaingia matbaani kwa baba yake. Alipenda pia kutunga mashairi kwa Kipunjabi. Wanachama wenzangu wa Kiswahili, mwaona? Alianza kama sisi, mtu wa beti na vina.

Mwaka 1935 mafundi wa Kihindi mjini Nairobi walikuwa na chama kilichokuwa kinayumba. Wakamwendea kijana wa matbaa awe katibu wao. Alikuwa na miaka 21. Jambo la kwanza la maana alilolifanya, nami naona hili ndilo linalompa haki ya kukumbukwa hata kama asingefanya jingine, lilikuwa kukibadilisha chama kile jina na kukifungua kwa kila mfanyakazi, awe wa rangi yoyote. Kikawa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya, na mwaka 1937 kikapanuliwa kuwa cha Afrika Mashariki. Leo hilo ni jambo la kawaida. Mwaka 1935 lilikuwa sawa na kuing'oa ile ngazi kutoka ukutani.

Mwaka 1936 chama kilidai siku ya kazi ya saa 8. Ukipita hapa Huruma alfajiri na mapema utawaona watu wakishuka mjini kwa miguu, wengine kibaridi cha Eldoret kimewafunga midomo, nao wanajua saa watakayoingia na saa watakayotoka. Hiyo saa ya kutoka haikushuka kutoka mbinguni. Makhan Singh na wenzake walichapa vikaratasi kwa lugha kadhaa, Kiswahili ikiwamo, wakavigawa makarakanani na kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa. Waliita mikutano, wakaandika majina, wakakusanya michango. Mwezi Aprili 1937 mgomo ukaanza, ukadumu siku 62. Hebu fikiria siku 62 bila mshahara! Mwishowe waajiri walikubali nyongeza na siku ya saa 8, na waliogoma wakarudi kazini.

Chama kilipata nguvu. Kufikia mwaka 1939, Jesse Kariuki na George Ndegwa wa chama cha Wakikuyu, KCA, walikuwa wamechaguliwa katika kamati yake. Mwezi Agosti mwaka huo huo mgomo mkubwa uliutikisa mji wa Mombasa. Serikali ya kikoloni ilianza kumtazama mchapaji huyu kwa jicho la pembeni. Alipokwenda India mwanzoni mwa vita vya pili vya dunia, Waingereza wa huko walimkamata mwezi Mei 1940 wakamweka kizuizini zaidi ya miaka miwili bila kesi. Alipotolewa mwaka 1942, alifungiwa kijijini kwao hadi mwanzoni mwa mwaka 1945. Halafu akafanya kazi katika gazeti la wakomunisti wa Punjab. Hakuuficha ukomunisti wake, wala baadaye hakuuficha mahakamani, ingawa kuuficha kungemsaidia.

Alirudi Kenya mwezi Agosti 1947, na hapa inafaa tusimame kidogo, kwa maana alikuta damu mlangoni.

Mapema mwaka huo, mwezi Januari, wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma kwa siku 12. Makuli wa bandari, watu wa reli, wa hoteli, hata wapishi wa majumbani, kama watu 15,000, waliacha kazi. Walikuwa wakikutana kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Kiongozi aliyetokea humo ni Chege Kibachia. Mwezi Agosti, ule ule aliorudi Makhan Singh, Kibachia alikamatwa. Na unajua alipelekwa wapi? Kabarnet, hapo tu ng'ambo ya bonde, safari ya asubuhi moja kwa matatu kutoka hapa kwetu. Alikaa huko miaka kumi. Mimi nimefika Kabarnet zaidi ya mara moja na sikuwahi kusikia mtu akimtaja.

Haikuishia hapo. Mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe pale Uplands, karibu na Limuru, waligoma. Polisi walifyatua risasi na watu watatu wakafa.

Na si Kenya tu. Nilipokuwa napekua nikakutana na wachimba migodi, nikaona ni hadithi ile ile inasimuliwa kwa majina tofauti. Mwaka 1935, kule Luanshya kwenye migodi ya shaba ya Zambia, wakati huo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa. Polisi waliua sita. Desemba 1941, wafanyakazi wa migodi ya shaba mjini Lubumbashi, watu wanaosema Kiswahili kama sisi, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira kungoja jibu la madai yao ya mshahara. Jibu lililetwa na wanajeshi wa Kibelgiji, na makumi ya watu walikufa hapo hapo. Novemba 1949 wachimba makaa ya mawe wa Enugu, Nigeria, walipigwa risasi, 21 wakafa. Wachimbaji hao hawakuwa na bunduki. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mgomo ni fujo, nitamwuliza kwanza nani alikuja na silaha.

Turudi Nairobi. Serikali ilijaribu kumrudisha Makhan Singh India. Akapewa amri ya kuondoka, akaikataa. Akafikishwa mahakamani, akashinda. Mtu mwingine angejificha kwanza, lakini yeye aliingia kazini. Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa viliungana kuunda Baraza la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mwenyekiti akawa Fred Kubai, katibu mkuu Makhan Singh. Mwafrika na Mhindi katika meza moja, na hawakuwekwa pale kupamba. Serikali ilikataa kuliandikisha baraza hilo, na kwa hiyo kila walichokifanya kikawa ni kinyume cha sheria.

Mwisho wa Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji. Kukawa na shamrashamra, bendera, na mtoto wa mfalme akaja kutoka Uingereza. Baraza liliwaambia wafanyakazi wasiende. Watu walikuwa wakilala kumi katika chumba kimoja, sasa washangilie jiji la nani? Kisha tarehe 23 Aprili, katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi kwenye ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama akataka azimio liongezewe jambo moja: uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na uhuru huo uwe sasa. Wakati huo wengi walikuwa wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Yeye alitaja chote kwa mara moja, hadharani, miaka 13 kabla ya bendera yetu kupandishwa.

Tarehe 15 Mei 1950 alikamatwa, yeye na Kubai. Kesho yake jiji likasimama.

Mgomo ulidumu siku tisa. Madai yalikuwa viongozi waachiliwe, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, na polisi wakome kuwavamia watu usiku majumbani kwao. Kutoka Nairobi ulienea mpaka Limuru, Thika, Nyeri, Nakuru, Kisumu na Mombasa. Serikali ilileta magari ya deraya mitaani, ndege za kijeshi zikaruka chini chini juu ya nyumba za Waafrika, na mabomu ya machozi yakarushwa kuwatawanya watu. Mamia walikamatwa. Makhan Singh baadaye aliandika kwamba walioshiriki nchini walizidi 100,000. Ajabu ni kwamba aliyeandika hesabu hiyo hakuuona mgomo hata saa moja. Alikuwa ndani siku zote tisa. Mimi nimejaribu kuwaza hali yake katika seli ile: kusikia ndege juu na kujua ni kwa sababu yako, na usijue watu wanarudi nyuma au wanasonga mbele.

Kesi yake ilisikizwa Nyeri mbele ya jaji Thacker. Likumbuke jina hilo, msomaji. Ni yeye aliyeongoza baraza la mishahara la Mombasa baada ya mgomo wa 1947, na ni yeye aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria mwaka 1953. Makhan Singh alijitetea bila kupunguza neno. Alisema kwamba Waingereza hawakuwa na haki ya kuitawala nchi hii, na kwamba yeye alikuwa mkomunisti. Hakushtakiwa kwa kurusha jiwe wala kuchoma nyumba. Hakuna aliyedai kwamba alimgusa mtu. Alionekana hatari kwa sababu ya maneno na karatasi zake, na jaji akaridhika kwamba inafaa azuiliwe.

Akapelekwa Lokitaung. Wenzetu kutoka Turkana wanaosoma hapa watawaeleza vizuri kuliko mimi. Kutoka Eldoret unapita Kitale, unapita Kapenguria, unateremka jangwani, unafika Lodwar, na hapo bado hujafika. Ni karibu kabisa na mpaka wa Ethiopia. Baadaye alihamishiwa Maralal, kisha Dol Dol. Serikali ilikuwa tayari kumfungulia mlango kwa sharti moja tu, aondoke Kenya arudi India. Alikuwa na mke, Satwant Kaur, aliyebaki Nairobi kulea watoto. Angeweza kukubali, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikataa mpaka mwisho. Sijui kama ningekuwa na moyo huo; nadhani mwaka wa pili tu ningeuliza meli inaondoka lini.

Hesabu ni rahisi. Kutoka 15 Mei 1950 hadi 22 Oktoba 1961 ni miaka 11 na miezi mitano. Kenyatta, ambaye kila mtoto wa darasa la nne anajua kwamba alifungwa, alikamatwa Oktoba 1952 akaachiliwa Agosti 1961, hata miaka tisa haikutimia. Silinganishi ili kumshusha mmoja. Nalinganisha kwa sababu nilisoma historia miaka mingi na hesabu hii sikuwahi kuonyeshwa.

Alipotoka, watu walimpokea kwa furaha. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na viongozi wapya, na ukomunisti ulikuwa neno la kuwatia watu hofu. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, aliyeutaja pale Kaloleni hakupewa cheo chochote serikalini. COTU ilipoundwa mwaka 1965 hakuwa miongoni mwa viongozi wake. Hapa mzee wetu wa reli hukasirika. Anasema mtu hawezi kulima shamba peke yake, halafu wakati wa mavuno aambiwe hamjui mwenye shamba. Mimi kwa upande wangu sijapata mahali panapoonyesha kwamba Makhan Singh alikwenda kubisha mlango wa mtu kuomba.

Alirudi kwenye karatasi. Katika maisha yake yote alikuwa akihifadhi kila kitu: barua, kumbukumbu za mikutano, vikaratasi vya mgomo, madaftari. Kutokana na hizo aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya mpaka mwaka 1952, ikachapishwa mwaka 1969. Ni kitabu kinene, na nakuonya, si cha kusoma kabla ya kulala. Kimejaa tarehe, maazimio na majina ya wajumbe. Mwanzoni kilinichosha. Baadaye nikaelewa kwamba majina yale ya mafundi, madereva, makarani na watumishi wa nyumbani hayamo katika kitabu kingine chochote. Nyaraka zenyewe siku hizi ziko Chuo Kikuu cha Nairobi.

Makhan Singh alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59. Kalenda ilikuwa imefika zile zile siku tisa za mwezi wa Mei. Kitabu chake cha pili, kinachoendelea na habari za miaka ya 1952 hadi 1956, kilitoka mwaka 1980, miaka saba baada ya kifo chake.

Nilipompelekea mzee wetu habari hizi, aliniomba nimsomee kile kitabu cha kwanza chote. Kiko kwa Kiingereza, kwa hiyo jioni namtafsiria kwa Kiswahili polepole, pale pale kwenye kamba za nguo, mpaka giza liingie. Ananikatiza sana. Tumefika mwaka 1937, siku ya 40 ya mgomo, na hataki nimwambie uliishaje, ingawa anajua.